Silabi Iliyochelewa

Mzee alisema "hatumdai". Nina uhakika, kwa sababu nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka alipokaa, chini ya mwembe wa ofisi ya chama cha msingi, katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Urambo. Tulikuwa tunarusha mubashara kipindi cha wakulima. Tumbaku ilikuwa imekwisha kununuliwa na kusafirishwa, hela hazijaingia, na siku za kuandaa vitalu vya msimu mwingine zilikuwa zinakaribia. Mtangazaji alikuwa studio, Tabora mjini. Mimi, fundi mitambo, nilikuwa kijijini na maikrofoni. Nilipomsogezea mzee alisema, taratibu, bila kuinua sauti:

"Katibu wetu hatumdai. Anayedaiwa ni aliyechukua tumbaku."

Mtangazaji akamshukuru, akaenda kwenye matangazo ya biashara. Mimi nikaanza kukunja nyaya.

Redioni watu walisikia hivi: "Katibu wetuu tumdai. Anayedaiwa ni aliyechukua tumbaku."

Msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo mengi. Silabi moja imeanguka na ushuhuda wa kumsafisha mtu umegeuka wito wa kumkamata shati. Lakini inafaa kutazama jinsi ilivyoanguka. Ukanushi wetu unakaa mwanzoni mwa neno, katika silabi ndogo isiyo na mkazo. Angekuwa amesema "hatumshiki", mtambo ukameza "ha", ingebaki "tumshiki", na kila sikio lingeshtuka kwamba hapo pana neno bovu. "Dai" ni kitenzi kilichotoka Uarabuni, nacho hakibadilishi irabu yake ya mwisho. Kwa hiyo "tumdai" ni Kiswahili safi kabisa. Hakuna kovu. Hata ile sentensi ya pili, ambayo mzee aliisema kuwanyooshea kidole wanunuzi, ilimwangukia katibu vizuri mno, kwa kuwa ni yeye aliyepokea marobota ghalani na kuyaandika daftarini.

Na ile "wetuu" iliyovutika? Watu walidhani ni mzee anatia uzito. Wazee wa kwetu huvuta maneno hivyo wanapotaka jambo lisikike. Ila uvutaji ule haukuwa wa mzee. Ulikuwa wa mtambo.

*

Nieleze mtambo wenyewe, maana swali langu limo ndani yake.

Zamani, kurusha sauti kutoka kijijini kulihitaji waya wa simu au gari la mitambo lenye mlingoti wake. Siku hizi tunabeba kisanduku kimoja kinachoingia kwenye begi la mgongoni. Mafundi tunakiita kodeki. Kinapokea sauti kutoka kwenye maikrofoni, kinaikata vipande vidogo, na kila kipande kinakiweka kwenye pakiti na kukituma kwa intaneti kupitia laini ya simu ya kawaida. Pakiti moja kwa kawaida hubeba milisekunde 20 za sauti. Kwa hiyo sekunde moja ya mzee akizungumza ni pakiti 50, kila moja ina namba yake na muda wake, kila moja inajitafutia njia. Kutoka Urambo hadi Tabora ni karibu kilomita 90, lakini sauti inaweza kushuka kwanza hadi mitambo ya mtandao iliyoko Dar es Salaam, ikarudi tena bara, ndipo iingie studio.

Studio kuna kisanduku kingine kinachozipokea na kuziunganisha. Hazifiki kwa mpangilio. Nyingine hutangulia, nyingine hukwama, nyingine hazionekani kamwe. Kwa sababu hiyo kisanduku cha kupokea huwa na bafa, yaani mahali pa kusubiria. Kinashikilia sauti kwa muda fulani kabla ya kuicheza, ili waliochelewa wawakute wenzao. Bafa ikiwa ndefu, pakiti nyingi zinawahi, ila mazungumzo yanakuwa mazito: mtangazaji anauliza, kimya, kisha jibu, wanakanyagana maneno. Bafa ikiwa fupi, mazungumzo yanachangamka, lakini pakiti inayochelewa kidogo tu inahesabiwa imepotea. Ikifika baadaye inatupwa, kwa sababu zamu yake imeshapita.

Na pakiti inapopotea, kodeki haiachi shimo. Inakisia. Inachukua sauti iliyotangulia, inatazama mlio wake na mwendo wake, inaurefusha kidogo kufunika pengo, na kama pengo likiendelea inaupunguza taratibu hadi kimya. Opus, mfumo wa kubana sauti uliosanifishwa mwaka 2012 na ambao leo uko kwenye simu nyingi mifukoni mwetu, una ujuzi huo ndani yake. Ni kazi nzuri. Mara nyingi huwezi kujua kuwa kuna kilichopotea.

Asubuhi ile, kabla ya kuondoka mjini, niliweka bafa milisekunde 200. Mtangazaji alikuwa amelalamika wiki iliyotangulia kwamba kipindi kimepoa, kila swali linasubiri jibu kama kesi ya ardhi. Nilimfurahisha. Pakiti tano zenye "ha" ya mzee, sehemu ya kumi ya sekunde, zilichelewa. Hazikupotea. Zilifika Tabora. Zilikuta sentensi imeshaondoka, na mahali pao pameshajazwa na "u" ya mtu mwingine, mtu ambaye hakuwapo, aliyesema kwa sauti ya mzee.

*

Siku ya nne katibu alikuja studio. Alikuwa amepanda basi la alfajiri. Nilimwamkia, "Shikamoo," akaitikia, "Marahaba mwanangu," akakaa kwenye benchi la mapokezi na kofia yake magotini. Hakupiga kelele. Alieleza kwamba matairi ya baiskeli yake yamechanwa, kwamba mkewe akifika bombani mazungumzo yanakatika, na kwamba amemfuata mzee nyumbani kumuuliza amemkosea nini. Mzee ameapa hakusema vile. Majirani wamemwambia mzee amezeeka, anasahau. Wao wamesikia kwa masikio yao.

"Sasa mwanangu," akasema, "kati ya mzee na redio, nani mwongo?"

Nilikuwa na njia ya kujua, na nimshukuru Mungu nilikuwa nayo. Kisanduku cha kijijini hurekodi kwenye kadi yake kile kinachotoka kwenye maikrofoni, kabla hakijakatwa na kutumwa. Nikachukua kadi, nikaweka rekodi mbili sambamba kwenye kompyuta. Kwenye ile ya kijijini: "ha". Kwenye ile ya studio: "u" ndefu, laini, bila hata mkwaruzo. Katika kumbukumbu za mtambo, kwa dakika ile, kulikuwa na mstari mmoja: pakiti tano zimechelewa, zimefidiwa.

Nilipompelekea bosi wangu aliisikiliza mara mbili. Kisha akasema maneno ambayo nimekuwa nikibishana nayo kichwani tangu siku hiyo. "Hakuna aliyedanganya hapa. Wewe hukudanganya, mtangazaji hakudanganya, mtambo hauna akili ya kudanganya. Tukikiri hili, kesho kila mtu aliyesema neno akajuta atakuja kutuambia ni pakiti."

Sehemu ya kwanza ya hoja yake ni kweli. Uongo unahitaji nia. Anayesema jambo lisilo kweli akiamini ni kweli amekosea, hajadanganya. Pale hapakuwa na nia ya mtu yeyote. Hata hivyo watu wapatao elfu kadhaa walipewa ushuhuda wa uongo, kwa sauti ya shahidi mkweli, na mtu asiye na kosa akalipa. Je, yawezekana uongo ukawepo bila mwongo? Na kama upo, ni nani wa kudaiwa?

*

Nilikuwa tayari kuulaumu mtambo, hadi niliposoma habari za sikio la binadamu.

Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Warren, alichapisha jaribio dogo. Alirekodi sentensi, akakata sauti moja ndani ya neno, akaweka kikohozi mahali pake. Karibu wasikilizaji wote walisema wameisikia sentensi nzima, hakuna kilichokosekana. Walisikia kikohozi, lakini hawakuweza kuonyesha kwa usahihi kilikaa wapi. Akili yao ilikuwa imeziba pengo na kuwakabidhi sauti ambayo haikuwepo. Kwa maneno mengine, kila mmoja wetu anatembea na kodeki kichwani. Tukiwa sokoni, kwenye basi, msibani, tunasikia nusu na kukisia nusu, na tunaapa kwamba tumesikia yote.

Basi mtambo unafanya nini kibaya ambacho sisi hatufanyi?

Jibu, nadhani, limo katika jaribio lile lile. Warren alipoacha kimya mahali pa kikohozi, wasikilizaji waliliona pengo mara moja. Na hata waliosikia kikohozi walijua kwamba kimepita kikohozi. Mtu akikohoa katikati ya neno lako, na neno lenyewe ni la kumshtaki jirani, utasema, "Samahani, umesemaje?" Una sababu ya kuuliza. Akili imekisia, lakini alama ya kukisia imebaki hewani, kila mwenye kujali anaweza kuifuata. Kodeki yetu ilikisia, kisha ikafuta alama. Iliondoa "ha", na pamoja nayo ikaondoa sababu ya mtu yeyote kuuliza.

Redio za zamani zilikuwa na makelele. Masafa mafupi yalipanda na kushuka kama mawimbi, neno likazama, likaibuka. Babu yangu alikuwa akisikiliza taarifa ya habari ameinamia redio, na mara kwa mara alimgeukia aliye karibu: "Kasema nani kateuliwa?" Tuliyaona makelele yale kama adui wa ukweli. Leo naona yalikuwa pia mlinzi wake. Yalimwambia msikilizaji mahali ambapo uhakika wake unaishia.

*

Jumamosi iliyofuata nilipanda bodaboda hadi Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye lile tembe jekundu ambalo sasa ni makumbusho. Nilikwenda shule ya msingi tukiwa tumepanga mstari. Safari hii nilikwenda peke yangu. Nilitaka kutazama mahali ambapo ujumbe ulikuwa ukisubiri.

Mji huu uliishi kwa kubeba. Msafara kutoka Bagamoyo ulitumia miezi mitatu hivi kufika hapa Unyanyembe. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba kama frasila mbili kila mmoja, karibu kilo 30, kichwani au begani. Hapa mizigo ilipumzika, ikagawanywa: mingine Ujiji, mingine Karagwe, mingine kusini. Tabora ilikuwa bafa ya nchi nzima.

Henry Morton Stanley alipofika mwaka 1871 alikuta hapa pakiti ya barua za David Livingstone, imetiwa lakiri, imeandikwa tarehe 1 Novemba 1870, ipelekwe Ujiji. Ilikuwa imekaa pwani, ikapanda bara, ikakaa tena. Mwaka ule Mtemi Mirambo alikuwa amepigana na Waarabu wa Unyanyembe, na njia ya kawaida ya Ujiji, iliyopita katika nchi ambayo leo tunaiita Urambo, ilikuwa imefungwa. Stanley akalazimika kuzunguka kusini. Barua zilimfikia mwenyewe Novemba 1871, zaidi ya mwaka mmoja tangu ziandikwe. Zilichelewa vibaya. Lakini zilifika na lakiri yake, na hakuna aliyekuwa amemwandikia nyingine badala yake ili asikae bila barua.

Upande wa pili wa hadithi hiyo ni wa bidhaa zake. Livingstone aliandika katika shajara yake kwamba aliporudi Ujiji alikuta aliyekabidhiwa mali yake, mtu aitwaye Sherif, ameshaiuza yote. Sababu aliyopewa ni kwamba Sherif alitazamia, akaona kuwa Livingstone amekufa. Hayo ni maneno ya upande mmoja, na mlalamikaji ndiye aliyeshika kalamu. Lakini kama ndivyo ilivyokuwa, yafaa kulitaja kosa kwa jina lake. Habari zilikatika. Mtu akalijaza pengo kwa kukisia. Kisha akatenda kana kwamba kisio lile ni habari iliyofika.

Niliwaza kuhusu neno "amana". Katika desturi tuliyoipokea kutoka pwani pamoja na misafara hiyo, aliyewekewa amana hadaiwi kilichopotea bila uzembe wake. Mto ukifurika ukachukua mzigo, mpagazi hana deni. Ila lazima afike aseme: mzigo umekwenda na maji. Akiokota mawe, akayafunga ndani ya turubai lile lile ili frasila zitimie, hapo kosa si la mto tena. Wahenga walimpa msema-ujumbe kinga kubwa kuliko mtu mwingine: mjumbe hauawi. Hatujiulizi sana kwa nini. Nadhani hauawi kwa sharti kwamba maneno aliyoyabeba ni ya aliyemtuma, yote, na kama amesahau, atasema amesahau. Sharti hilo likivunjika, kinga nayo inaondoka.

*

Nisiutukane mtambo ulionilisha. Kabla ya visanduku hivi, mkulima wa Urambo au Kaliua alisemewa na ofisa aliyekuwa na simu ya mezani. Leo mwanamke aliyefunga mtoto mgongoni anasimama chini ya mwembe na kusikika wilaya nne, kwa bando la intaneti la bei ya soda chache. Katika kipindi cha saa moja tunaweza kupoteza mamia ya pakiti, na karibu zote hazina madhara: nusu ya pumzi, mkia wa "aaa", ndege aliyelia. Tungeacha shimo kila mahali, hakuna ambaye angevumilia kusikiliza, na mwanamke yule angenyamazishwa upya, safari hii kwa jina la uaminifu. Kukisia kuna huruma yake.

Kwa hiyo sidhani jibu ni kuzima ukisiaji. Jibu linaanzia pale nilipokuwa mimi asubuhi ile, kidole kikiwa juu ya kitufe cha bafa. Nilichagua uchangamfu. Mazungumzo ya mpira, salamu, vichekesho, yanastahili bafa fupi. Neno likipotea, limepotea. Lakini tulikuwa tunakwenda kuuliza nani kala hela ya nani. Neno linalogusa jina la mtu linastahili kusubiriwa. Sekunde mbili za kimya kati ya swali na jibu zingemuudhi mtangazaji, zingempunguzia kipindi ladha, na "ha" ingekuwa imefika, imekaa mahali pake. Nilijua hayo yote kwa nambari. Sikuyajua kama jambo la haki. Basi nikiulizwa nani wa kudaiwa, sitasema mtambo, na sitasema hakuna.

Bosi alikubali hatimaye, kwa sharti la kutumia maneno machache. Jumapili tulisoma masahihisho, tukacheza rekodi ya kijijini. Watu wengine walitupigia kutupongeza. Wengine walisema katibu ametoa kitu kidogo. Masahihisho hayasafiri kwa kasi ya kosa. Hilo niliwahi kulisikia, sasa nililiona.

Katibu hakuridhika na rekodi. Alitaka turudi pale pale, chini ya mwembe, mubashara, mzee aseme mwenyewe, kijiji kikiwa kimekaa na redio zao. Tulirudi. Niliweka bafa sekunde mbili na nusu. Nilimwambia mtangazaji kwamba taa nyekundu ya pakiti ikiwaka mtu akiwa anataja jina la mtu, atasema hewani, "Hapo tumepoteza neno, tunaomba urudie." Hakupenda. Alikubali.

Mzee alishika maikrofoni kwa mikono miwili. "Hatumdai," akasema. Kutoka kwenye redio iliyokuwa dirishani, sauti yake ilirudi nyuma yake, imechelewa: hatumdai. Watoto wakacheka. Mzee akanigeukia.

"Imefika?"

Nikatazama namba. "Imefika, mzee."

"Yote?"

Kulikuwa na pakiti mbili zilizopotea, mwishoni, baada ya neno lenyewe. Pengine ni pumzi tu. Nikamwambia zimepotea mbili. Akatikisa kichwa, akavuta maikrofoni karibu, akarudia silabi moja moja kama anayemfundisha mtoto kusoma. Watu wakacheka tena. Katibu, aliyekaa kwenye kiti cha mbele na kofia yake magotini, hakucheka. Alikuwa ameinamia redio dirishani, akisubiri ile ya pili ifike.